Kurasa Ambazo Hazikuchorwa

Mwaka 1983 Jack Kirby, mzee aliyekuwa amechora katuni tangu ujana wake, alishika penseli akachora kurasa kumi kuhusu mtaa alikokulia. Hakuna aliyezitia wino. Mtaa wenyewe ni Lower East Side ya New York, wakati yeye bado anaitwa Jacob Kurtzberg, mtoto wa Wayahudi wahamiaji, baba yake akiwa mfanyakazi katika viwanda vya nguo. Wavulana wa mtaa mmoja wanapigana na wavulana wa mtaa mwingine kwa kosa la kuwa wa mtaa mwingine. Katikati ya hadithi kuna picha moja pana iliyochukua kurasa mbili, na humo umati wa barabarani umebanana hadi unahisi joto lake. Hadithi hiyo, Street Code, ilichapishwa 1990. Kirby alifariki Februari 1994.

Inakadiriwa kwamba alichora zaidi ya kurasa 20,000 maishani mwake: miungu, majitu, wanajeshi, wapenzi wanaogombana. Zile za kujisimulia mwenyewe waziwazi, bila kujificha nyuma ya shujaa, ni hizo kumi na labda chache nyingine. Kila ninapozitazama, fikra zangu haziendi kwenye fedha alizodhulumiwa na wachapishaji. Zinakwenda kwenye ukurasa wa kumi na moja. Zinakwenda kwenye kitabu kizima ambacho mkono ule ungeweza kukitoa na haukukitoa, kwa kuwa kwa miongo minne na zaidi ulikuwa ukikimbizana na tarehe za watu wengine.

Msiba wa kitu kilichopo na kikaondoka tunaujua. Una matanga yake, una arobaini yake, watu hukaa chini wakataja sifa za marehemu. Msiba wa kitu ambacho hakikupata kuzaliwa hauna mkeka wa kukalia. Ndiyo maana vimenishika vitabu vya katuni vinavyosimulia historia ya katuni yenyewe, ambavyo vimeongezeka sana katika miaka arobaini iliyopita. Wachoraji wanawachora wachoraji waliowatangulia, wakiwa kwenye meza zao, kwenye ofisi za wachapishaji, mahakamani, kwenye vyumba vya kupanga. Wengi husoma vitabu hivyo kama kesi dhidi ya wachapishaji, na kesi kweli ipo. Mimi nimevisoma kama tanzia.

Kesi inaelezeka kwa tarakimu. Machi 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland wenye miaka 23, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130: kurasa 13, dola 10 kwa kila ukurasa. Hundi waliyopewa ilikuwa ya dola 412, maana ilijumlisha na kazi nyingine walizokuwa wakidai. Mwaka 2012 hundi hiyo, karatasi iliyokwisha kazi yake benki, ilinunuliwa mnadani kwa dola 160,000. Mwaka 2024 nakala moja ya gazeti ambamo Superman alionekana mara ya kwanza, Action Comics namba 1, iliuzwa dola milioni 6. Ukizipanga tarakimu hizi hivyo, hasira inakuja yenyewe, na baada ya hasira unajiona umetimiza wajibu. Hapo ndipo ninapoanza kuzishuku. Zinatufanya tuamini kwamba kilichopotea kingeweza kulipwa na mhasibu mwadilifu.

Ile herufi S ya kifuani imefika mpaka Kariakoo na Gikomba ndani ya marobota ya mitumba. Mtu anaivaa akisukuma mkokoteni, na hana sababu yoyote ya kujua kwamba aliyeichora kwanza aliishia karibu kipofu na hana kitu. Mfinyanzi hulia gae, tunasema, na Shuster hakubakiwa hata na gae. Kitabu cha Julian Voloj na mchoraji Thomas Campi, The Joe Shuster Story, kilichotoka 2018, kinatuanzishia huko mwishoni: mzee amelala kwenye benchi, polisi anamwamsha. Kisha kinarudi nyuma kwa rangi laini, na upole huo wa rangi ndio unaouma, kwa sababu msomaji tayari anajua benchi lile linawasubiri vijana hawa wanaocheka.

Mwaka 1947 Siegel na Shuster walikwenda mahakamani. Mwaka uliofuata walikubali kulipwa takriban dola 94,000 wakaachana na madai, na majina yao yakaondolewa kwenye hadithi za mhusika wao. Kuanzia hapo hadithi ya Shuster inaingia gizani, na kuna kipande kimoja ambacho wengi hukitaja kwa kicheko. Katikati ya miaka ya 50 kulikuwa na vijitabu vilivyouzwa kwa kificho New York, Nights of Horror, vyenye michoro ya watu wanaofungwa kamba na kuchapwa viboko. Jina la mchoraji halikuwekwa. Mwaka 2009 Craig Yoe alitoa kitabu kuonyesha kwamba mkono ule ulikuwa wa Joe Shuster, na mtu hahitaji utaalamu kukubali: wanaochapa na wanaochapwa wana sura za Clark Kent na Lois Lane, wahusika wa Superman.

Mimi sicheki. Macho ya Shuster yalikuwa yanafifia na yeye alijua. Kila mwezi wa kuona uliobaki ulikuwa akiba isiyojazwa tena, na akiba hiyo ilikwenda kwenye vijitabu vya kuuzwa chini ya meza, akizichora upya sura alizozivumbua akiwa kijana kwa sababu sheria ilikuwa imempokonya jina la sura hizo lakini mkono haukujua kuchora nyingine. Hebu fikiri mtu huyo angepewa miaka ile yenye mwanga kiasi aitumie apendavyo. Sijui angechora nini. Hakuna ajuaye, na hilo ndilo shimo lenyewe.

Mwaka 1975, Siegel alipopata habari kwamba filamu kubwa ya Superman inaandaliwa, aliwaandikia waandishi wa habari barua ya uchungu. Wachoraji Neal Adams na Jerry Robinson wakaibeba kesi hiyo mbele ya umma. Desemba mwaka huohuo kampuni ya Warner, iliyokuwa ikimmiliki Superman, ilikubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kuyarudisha majina yao. Ulikuwa ushindi wa kweli, na haufai kubezwa. Ila uliwafika wakiwa na miaka 61, mmoja wao akiwa hawezi tena kuchora.

Bill Finger hakupata hata hilo. Batman alipotokea mara ya kwanza, Detective Comics namba 27 ya 1939, jina lililotajwa lilikuwa la Bob Kane peke yake, na mkataba wa Kane na mchapishaji ukalinda hali hiyo kwa miaka mingi. Finger ndiye aliyeandika hadithi ile ya kwanza. Ndiye aliyeshauri joho, kofia yenye masikio na rangi ya kijivu, ndiye aliyempa Bruce Wayne jina na baadaye mji wa Gotham. Alifariki Januari 1974, na jina lake lilianza kuwekwa rasmi pamoja na la Kane mwaka 2015. Kane ana jiwe la kaburi Los Angeles lenye maandishi marefu ya kumsifu na kumhusisha na Batman. Finger hana kaburi. Majivu yake yalitawanywa ufukweni. Marc Tyler Nobleman alimtafuta mtu huyu kupitia jamaa na nyaraka, na mwaka 2012 akatoa kitabu cha picha, Bill the Boy Wonder, kilichochorwa na Ty Templeton, mchoraji ambaye naye amemchora Batman. Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya watoto, na sikuona sababu ya kukidharau kwa hilo. Watoto ndio waliodanganywa kwanza.

Si vitabu vyote vya aina hii vinanishawishi. Cha mwanzo kabisa katika safu yangu, The Dreamer cha Will Eisner cha 1986, kinasifiwa mno. Eisner alianzisha karakana ya katuni na Jerry Iger mwaka 1936: vijana kwenye safu za meza, mmoja anachora watu, mwingine mandhari, mwingine anaandika maneno ndani ya mapovu, mwingine anatia wino. Kitabu chake kinaionyesha karakana hiyo kwa majina ya bandia, ili wanaojua wajue. Kuna kisa kizuri ambapo Jack King, yaani Kirby, mfupi na mkali, anamfukuza jambazi aliyekuja kuwalazimisha kununua huduma ya taulo. Lakini kitabu kimeandikwa na mtu aliyekuwa mwajiri. Eisner alikuwa na akili ya biashara kuliko wenzake, na mwaka 1940 alipoanza The Spirit alihakikisha mhusika ni wake. Nampongeza. Ila matumaini yanayofunga kitabu kile ni matumaini ya aliyetoka na funguo mfukoni, na wale waliobaki kwenye safu za meza wamekuwa mandhari ya safari yake. Ukitaka kujua kilichopotea, usimuulize sana aliyefanikiwa kukilinda.

Mwaka 1954 nao uko katika vitabu vingi vya aina hii: daktari Fredric Wertham akizilaumu katuni kwa uhalifu wa vijana, kikao cha Seneti New York, kisha kanuni ya udhibiti ambayo wachapishaji walijiwekea wenyewe. Habari hiyo inajulikana na sitaikokota. Nataja jambo moja tu. David Hajdu, alipoandika historia ya mzozo huo mwaka 2008, aliweka mwishoni orodha ya watu zaidi ya 800 waliofanya kazi katika katuni na ambao hawakurudi tena baada ya miaka ile. Ni majina tu, ukurasa baada ya ukurasa. Sijasoma shairi la maombolezo lililonikaa hivyo.

Mchoraji Howard Chaykin aliwafahamu waliobaki. Alizaliwa 1950, akaingia kazini akiwa kijana, akawa msaidizi wa wachoraji Gil Kane na Wally Wood. Hadithi yake, Hey Kids! Comics!, iliyoanza 2018, inawafuata wasanii wa kubuni kwa miongo kadhaa, tangu miaka ya vita hadi karne hii. Ina hasira, ina matusi, na mara nyingine ina watu wengi kiasi kwamba msomaji anapotea njia. Lakini Wood alikuwa mwalimu wake. Wood, mmoja wa mikono mizuri zaidi kuwahi kushika wino Marekani, alijiua kwa bunduki mwaka 1981, figo zimemshinda na jicho moja halioni. Aliyemwona mtu kama huyo kwa karibu ana haki ya kupaza sauti.

Mwandishi Ed Brubaker na mchoraji Sean Phillips wamechagua njia nyingine katika Bad Weekend ya 2019, nami naiona ni ya ujasiri zaidi. Ni mwaka 1997. Mzee mchoraji, Hal Crane, mtu wa kubuni, amealikwa kwenye mkutano mkubwa wa katuni kupewa tuzo ya heshima. Aliyekuwa msaidizi wake ametumwa kumtunza asiharibu shughuli. Na Hal Crane ni mtu mbaya. Analewa, anadanganya, anatapeli mashabiki wanaompenda, anafukuzia michoro ya zamani iliyopotea. Waandishi hawamfichi na hawamsafishi. Katika matanga yetu tuna adabu ya kutosema ubaya wa marehemu, na ni adabu njema, lakini ina gharama yake: tunasahau kwamba dhuluma humharibu pia aliyedhulumiwa. Mmoja anapoteza haki miliki, na miaka ishirini baadaye amepoteza marafiki, mke, na kile kipimo cha ndani kinachomwambia hili ni aibu. Hal Crane aliyekuwa mwema ni miongoni mwa vitu ambavyo havikuzaliwa.

Narudi kwa Kirby, maana yeye ndiye anayelijaribu wazo langu. Mchoraji Tom Scioli alichora maisha yake yote katika kitabu kilichotoka 2020, na akamfanya Kirby aseme kwa nafsi ya kwanza. Amemchora kwa macho makubwa ya mtoto, kuanzia utotoni hadi uzee, wakati watu wengine wote wana macho ya kawaida. Mwanzoni nililipinga hilo la nafsi ya kwanza. Marehemu amenyang'anywa mengi, kwa nini anyang'anywe na sauti? Lakini Scioli ni mwangalifu, na anajua kusimama pale penye mambo mazito: vita Ufaransa, miguu iliyokaribia kukatwa kwa baridi, kisha ile kadhia ya michoro halisi. Katika miaka ya 80 kampuni ya Marvel ilipoanza kuwarudishia wachoraji karatasi zao za asili, wengine walipewa hati ya ukurasa mmoja kutia saini. Kirby alipewa hati ya kurasa nne, inayomtaka akiri mengi mno. Alikataa. Baada ya mvutano wa miaka, mwaka 1987 alirudishiwa karatasi kama 1,900, kati ya maelfu mengi zaidi aliyowachorea.

Hata hivyo, tusisahau kwamba Kirby mwenyewe alishachora katuni kuhusu tasnia yake kabla ya hawa wote. Aliondoka Marvel mwaka 1970 akaenda kwa washindani wao, DC, na huko akaanza simulizi kubwa aliyoipanga kama kitabu kirefu chenye mwisho, iliyogawanywa katika majarida kadhaa. New Gods lilikuwa moja, Mister Miracle lingine. Katika Mister Miracle namba 6 ya 1972 akamweka laghai mmoja mwenye maneno matamu, Funky Flashman, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba huyo ni Stan Lee, mhariri na mwandishi aliyefanya naye kazi Marvel. Ni dhihaka kali, ina kisasi ndani yake. Mwaka huohuo New Gods lilisimamishwa baada ya matoleo 11, simulizi ikiwa katikati. Miaka ya 80 aliruhusiwa kuimalizia, akatoa The Hunger Dogs mwaka 1985. Lakini aliyeifunga ile hadithi hakuwa yule aliyeifungua. Alikuwa mzee, mkono umebadilika, na ile njia ya katikati, yale matoleo ambayo yangemfikisha pale kwa hatua zake mwenyewe, hayapo popote. Mwaka 2014 familia yake na Marvel walimaliza nje ya mahakama kesi yao ya haki za wahusika aliowachora huko. Lakini hakuna kifungu cha mkataba kinachoweza kuyarudisha yale matoleo ya katikati.

Inafaa kusema kwamba Hey Kids! Comics! na Bad Weekend zote zilitolewa na Image, kampuni iliyoanzishwa 1992 na wachoraji saba waliokuwa maarufu Marvel na kuondoka ili kazi zao ziwe mali yao. Sina hakika kama waombolezaji wangekuwa na uhuru huu wa kusema bila kitendo hicho.

Ningeulizwa kitabu kimoja tu cha kumpa mtu, nisingempa hata kimoja cha Marekani. Ningempa El invierno del dibujante cha Mhispania Paco Roca, kilichotoka 2010. Ni Barcelona, mwaka 1957, chini ya udikteta wa Franco. Wachoraji watano wa kampuni ya Bruguera, Escobar, Cifré, Peñarroya, Conti na Giner, wanaacha ajira kwa kuwa mkataba unampa mchapishaji wahusika wao na karatasi zao za asili. Wanaanzisha gazeti lao, Tío Vivo. Wahusika waliowafanya wapendwe na nchi nzima wanawaacha nyuma, mikononi mwa kampuni. Roca amekipa kila kipindi cha mwaka rangi yake, hivyo unaona majira yanavyogeuka kabla hujasoma neno. Mwaka mmoja hivi baadaye gazeti linawashinda, na wanarudi kwenye meza zilezile.

Hakuna mnada, hakuna tuzo, hakuna filamu ya kuwaokoa. Roca hawapi hotuba. Anawaonyesha wakiwa huru kwa misimu michache, wakibuni watu wapya kwa haraka na furaha, na anatuachia sisi kuhesabu wangebuni wangapi. Kwangu hicho ndicho kitabu bora zaidi kuhusu hasara hii, na kinawazidi Eisner na Chaykin kwa mbali. Josep Escobar, aliyefungwa jela baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa kuwa upande wa Jamhuri, na aliyewabuni watoto watundu Zipi na Zape, alifariki Barcelona mwaka 1994, wiki chache baada ya Kirby.